Mshahara wa Fundi Azibaye Ufa



Masika yanapoanza kushuka katika pwani yetu, kuanzia Horohoro hadi Pangani, kila mwenye nyumba hupata habari za paa lake. Beseni huwekwa katikati ya chumba, kitanda husogezwa ukutani, na mtoto hutumwa mbio kwenda kumwita fundi. Kwa muda wa wiki mbili tatu fundi huwa mtu wa heshima kuliko wote mtaani: huitwa kwa upole, huandaliwa chai, hubembelezwa asianze kwa jirani. Jua likirudi, heshima ile hukauka pamoja na ukuta, na mara nyingi deni lake hubaki likining'inia.

Mei Mosi hutukuta katikati ya majira hayo hayo. Siku hiyo, ambayo taifa huwaadhimisha wafanyakazi, Kanisa humkumbuka Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, tangu Papa Pius XII alipoiweka sikukuu hiyo mwaka 1955. Yafaa basi, katika tahariri hii, tumtazame mfanyakazi ambaye hatumwoni katika maandamano ya Mei Mosi. Hana bango, hana chama, na pengine siku hiyo yuko juu ya paa la mtu.

Hatusemi habari za makandarasi wakubwa wenye mikataba na mitambo. Twamsema mwashi anayeitwa kuziba ufa na kupiga lipu upya. Seremala anayebadilisha kenchi iliyoliwa na mchwa. Fundi bomba anayelala chali chini ya sinki la watu. Fundi umeme, fundi rangi, fundi wa mabati. Na kijana msaidizi anayewachanganyia udongo na kuwapandishia ndoo. Hao tunawakuta asubuhi vijiweni, Ngamiani, Chumbageni na Makorora, wamekaa na mfuko wa vifaa miguuni, wakingoja kuitwa. Wengi wao hawakupata ufundi darasani. Waliupata kwa kubeba ndoo ya fundi mwingine kwa miaka, hadi siku moja wakakabidhiwa mwiko na timazi.

Mji wa Tanga umesimama juu ya mikono ya watu hawa kuliko tunavyokiri. Tunapenda kuhesabu waliojenga. Twasema reli ya Usambara ilianzia hapa mwaka 1893. Twawaonyesha wageni Boma la zamani na jengo la kale la hospitali pale Bombo. Lakini jengo hujengwa mara moja tu, na kisha hukarabatiwa maisha yake yote. Kila ukuta wa zama za Wajerumani unaosimama leo una lipu ya watu ambao majina yao hayakuandikwa popote. Atakaye kujua jengo lisilo na fundi huwa nini, na aende Tongoni, kusini mwa mji wetu, akatazame msikiti wa kale na makaburi yake ya karne nyingi. Mawe yale yalichongwa na mafundi hodari sana, lakini baada yao hakubaki mtu wa kuziba ufa.

Hata katika zama zetu wenyewe tumelijifunza somo hilo kwa gharama. Mwaka 1971 sheria ya kutaifisha majengo ilichukua nyumba za kupangisha zenye thamani ya shilingi 100,000 na zaidi, na katika mitaa ya katikati ya Tanga nyumba za namna hiyo zilikuwa nyingi. Nia ya kupunguza unyonyaji wa mpangaji hatuibezi. Lakini kodi ndogo haikuweza kubeba gharama za kuyatunza majengo, na matengenezo yakaahirishwa mwaka hadi mwaka. Mpangaji alisema nyumba si yake. Mwenye dhamana alisema fungu hakuna. Roshani zikaanza kumeguka, mifereji ya paa ikaziba na kuotesha miti. Hapo ndipo tunapoona kwamba nyumba isiyokuwa na mtu wa kumlipa fundi haina mwenyewe, hata ikiwa na hati.

Aidha, kazi ya kukarabati si kazi ya mtu aliyeshindwa kujenga. Yahitaji elimu yake. Chukueni nyumba za mawe za Pangani, au nyumba za kale za pwani hii popote zilipo. Kuta zake ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko. Ndiyo maana vyumba vyake ni vyembamba, kwa kuwa upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti. Ukuta wa namna hiyo hunyonya unyevu kutoka ardhini, kisha huutoa taratibu kupitia chokaa. Leo mtu akiona lipu imebanduka, huita fundi wa bei nafuu, naye huupaka ukuta ule saruji ngumu, kwani saruji iko tele, na kiwanda cha Pongwe kimekuwa kikiitoa tangu mwaka 1980. Saruji ile huufungia unyevu ndani. Chumvi hujikusanya nyuma ya lipu, jiwe huanza kumung'unyika, na baada ya masika chache lipu hudondoka pamoja na kipande cha ukuta. Mwenye nyumba humlaumu fundi, na fundi huyalaumu mawe. Kumbe kilichokosekana ni mtu wa kumfundisha fundi habari za chokaa, na mwenye nyumba aliye tayari kuilipia kazi hiyo, ambayo huchukua siku nyingi zaidi. Wala hatuhitaji kwa ajili hiyo kuchoma matumbawe ya bahari, maana mkoa wetu umejaliwa mawe ya chokaa kwa wingi.

Tunaongeza jambo moja juu ya Pangani. Mji ule ulitajirika kwa pembe za ndovu, kwa sukari, na kwa watumwa. Sehemu kubwa ya jasho lililomwagika pale halikulipwa. Ingekuwa aibu kubwa kama sisi, tunaojivunia urithi ule na kutaka uhifadhiwe, tungeukarabati kwa jasho jingine lisilolipwa.

Wasomaji wapenzi, ni rahisi kuwanyoshea kidole wenye nyumba na serikali. Haki huanzia nyumbani, nasi twalazimika kuanza na nyumba ya Mungu.

Katika parokia moja, ambayo hatutaitaja, paa la kanisa lilivuja hadi maji yakaifikia altare. Akaitwa fundi, mzee Mwislamu wa mjini, mtu anayejulikana kwa kazi safi. Alikubaliana na kamati kwa maneno ya mdomo. Alibadilisha kenchi tatu na mabati ya upande mzima wa kusini, akamaliza kabla ya Juma Kuu kama alivyoahidi. Misumari na mbao kadhaa alizichukua kwa mkopo dukani, kwa jina lake mwenyewe. Pasaka ilipita, akalipwa theluthi. Mchango wa paa ulikuwa umekusanywa wote. Lakini kamati ilikuwa imeona ni vema kununua kwanza vipaza sauti vipya kwa ajili ya sikukuu. Fundi alikuja ofisini mara tatu, na mara zote alisimama mlangoni akasema, “Baba, sikuja kudai, nimekuja kuuliza tu.” Mjumbe mmoja wa kamati alimjibu kwamba kazi ya Mungu mtu hujitolea. Mwezi wa sita tulisikia kwamba ameiuza ngazi yake ya chuma ili amlipe mwenye duka. Fundi wa paa asiye na ngazi ni mvuvi asiye na ngalawa. Alilipwa hatimaye, kidogo kidogo, wala hakuombwa radhi. Sisi tunaoandika haya tulikuwamo katika kikao kilichoamua habari za vipaza sauti, nasi tulinyamaza.

Tulipokuja kukisoma tena Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 12, tulijiona humo kama mtu anayejiona kwenye kioo. Mfalme Yoashi aliwaagiza makuhani wapokee sadaka za watu na kuzitumia kuziba nyufa za Hekalu. Hata mwaka wa 23 wa utawala wake, sadaka zimepokewa na nyufa zipo palepale. Ndipo mfalme alipowaondolea makuhani jukumu hilo. Kuhani Yehoyada akatoboa tundu katika kifuniko cha sanduku, akaliweka karibu na altare, na fedha iliyoingia humo ikahesabiwa na kutolewa kwa ajili ya maseremala, waashi na wachonga mawe. Maandiko yanasema wazi kwamba fedha ile haikutumika kutengenezea mabakuli ya fedha wala tarumbeta. Yanasema pia kwamba wasimamizi wa mafundi hao hawakudaiwa hesabu, kwa sababu walitenda kwa uaminifu. Msomaji na apime mwenyewe: katika sura hiyo, ni nani waliohitaji kusimamiwa, na ni nani walioaminika? Tarumbeta za siku zile ndizo vipaza sauti vya siku zetu.

Mafundisho ya Kanisa katika jambo hili hayana utata. Torati, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 24, inaagiza kibarua alipwe siku ileile kabla jua halijatua, awe ndugu au mgeni, kwa kuwa ni maskini na moyo wake unautegemea ujira huo. Mtume Yakobo, katika sura ya 5 ya waraka wake, anaufanya mshahara uliozuiliwa kuwa kitu chenye sauti, nayo sauti hiyo hufika masikioni mwa Bwana. Papa Leo XIII mwaka 1891, katika Rerum Novarum, aliliweka jambo la kumdhulumu mfanyakazi ujira wake miongoni mwa dhambi zinazolilia mbinguni. Papa Yohane Paulo II mwaka 1981, katika Laborem Exercens, alifundisha kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu, wala si mtu kwa ajili ya kazi, na kwamba ujira wa haki ndio kipimo cha haki ya mfumo mzima wa uchumi. Ndugu zetu Waislamu nao hufundishwa kwamba mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka. Kwa hiyo, mzee yule aliposimama mlangoni mwa ofisi ya parokia, dini zote mbili zilikuwa upande wake, nasi tuliokuwa ndani hatukuwa upande wa hata moja.

Iko pia haki ya kurudi nyumbani mzima. Siku ya Noeli ya mwaka 2020, ng'ambo ya bahari yetu, sehemu ya jumba la Beit-al-Ajaib la Unguja, lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka wakati kazi ya ukarabati ikiendelea, na watu wawili walipoteza maisha. Huko Kariakoo, Dar es Salaam, ghorofa iliyoanguka tarehe 16 Novemba 2024 iliua zaidi ya watu 20. Misiba hiyo ilitangazwa dunia nzima. Lakini fundi anayeanguka peke yake kutoka kwenye jukwaa la miti iliyofungwa kwa kamba, huko Mikanjuni au Muheza, hatangazwi na yeyote. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ipo tangu mwaka 2003. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ipo tangu mwaka 2008, na Mfuko wake ulianza kazi mwaka 2015. Hata hivyo fidia hiyo humfikia mfanyakazi kwa njia ya mwajiri wake, na fundi wa kijiweni ana waajiri kumi kwa mwezi, ambao hakuna hata mmoja anayejiita mwajiri. Akivunjika mguu, hupitishiwa kofia ya mchango, na baada ya mchango ni yeye na mke wake.

Tukisema hayo hatuwafichi mafundi wenyewe makosa yao, maana haki ina pande mbili. Wako wanaopokea fedha ya kuanzia kazi katika nyumba tatu kwa siku moja, kisha wakawa watu wa kesho na kesho kutwa. Wako wanaopunja saruji na kuiuza mfuko uliobaki. Wako wanaochota mchanga wa pwani wenye chumvi kwa sababu ni wa karibu, wakijua kwamba chumvi italila nondo ndani ya zege. Wako wanaounga waya za umeme kwa kubahatisha juu ya vichwa vya watoto waliolala. Mafundi hao huwaibia wenye nyumba, na huwaibia zaidi mafundi wenzao walio waaminifu, kwa kuwa kila anayedanganywa mara moja humtilia mashaka fundi wa pili na wa tatu. Bwana wetu aliitwa seremala na watu wa kijiji chake, kama tusomavyo katika Injili ya Marko, sura ya 6. Hatuwezi kudhani kwamba milango aliyoitengeneza Nazareti ilikuwa haifungi.

Tufanye nini basi? Tume ya Haki na Amani inaziomba parokia, taasisi za Kanisa na familia za Kikristo zianze na mambo yaliyo ndani ya uwezo wao.

Kwanza, makubaliano na fundi yaandikwe, hata kama ni ukurasa mmoja wa daftari: kazi gani, kwa siku ngapi, kwa kiasi gani, vifaa vinunuliwe na nani, malipo yatolewe kwa hatua zipi. Karatasi hiyo humlinda mwenye nyumba dhidi ya fundi mjanja, na humlinda fundi dhidi ya mwenye nyumba msahaulifu.

Pili, kila parokia iwe na sanduku la ukarabati kwa mfano wa lile la Yehoyada, lenye hesabu yake peke yake, isiyoguswa kwa sababu ya sikukuu, jubilei wala ugeni wa mkubwa. Wahenga waliosema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, hawakusema ufa utazibwa bure.

Tatu, hakuna fundi atakayepanda juu ya paa la kanisa, shule au zahanati yetu bila jukwaa imara na kamba ya usalama, na gharama yake iwe sehemu ya kazi. Tuwasaidie pia mafundi kujiunga na hifadhi ya jamii kwa kuchangia wenyewe, jambo ambalo NSSF huliruhusu kwa waliojiajiri.

Nne, turudie desturi yetu njema ya kufundisha ufundi. Wamisionari waliofika Bagamoyo mwaka 1868 waliwafundisha watumwa waliokombolewa useremala, uashi na uhunzi, ili mtu aliyepewa uhuru awe na kitu cha kuushikia uhuru huo. Leo VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, huwapokea vijana darasani, na pia ina utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunzia kazini na kumpatia cheti. Parokia ziwaelekeze mafundi wao huko, na zinapofanya matengenezo makubwa zimwombe fundi aliye stadi achukue vijana wawili wa kujifunza, wasichana wakiwamo. Katika Kitabu cha Nehemia, sura ya 3, Shalumu alikarabati sehemu yake ya ukuta wa Yerusalemu pamoja na binti zake.

Sura hiyo ya Nehemia twaipendekeza isomwe katika jumuiya ndogondogo mwezi huu wa Mei. Wasomaji wengi huiruka, kwa kuwa ni orodha ndefu ya majina magumu. Lakini ni orodha ya mafundi wa ukarabati. Kila mmoja ametajwa kwa jina, na jina la baba yake, na kipande cha ukuta alichokitengeneza; kuhani mkuu na makuhani wenzake wametangulia, na wafua dhahabu na watengeneza manukato wamo. Wametajwa pia wakuu wa Tekoa, ambao hawakukubali kuinamisha shingo zao kwa kazi hiyo. Neno la Mungu limetunza majina ya walioziba nyufa kwa muda wa karne 24, ilhali sisi hatujui hata jina kamili la mzee aliyetuzibia paa mwaka juzi. Twamwita “fundi” tu, na tunapoona anakuja, twajua amekuja kuuliza.

Wapendwa, kabla ya Misa ya Mei Mosi, kila mmoja wetu aliyeezekewa, aliyepakiwa rangi, aliyefungiwa bomba au kuungiwa umeme mwaka huu, na ajiulize kama amemaliza malipo. Kama hajamaliza, na amtangulie fundi nyumbani kwake, asingoje kuulizwa mlangoni. Na parokia ambayo bado ina deni la paa, na ilipe kwanza, ndipo iwashe vipaza sauti.

Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, utuombee.